Joto la kuchomea seramiki za piezoelektriki: kiungo gani kitashusha nyuzi bila kuua kazi yake?

Mfinyanzi wa Kireka aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni fundi wa tanuru hapa Kampala. Siku nyingi za juma huchoma vyombo vya udongo, na Jumapili, kwa ruhusa ya mwenye karakana, hulitumia tanuru hilohilo kwa majaribio yangu mwenyewe. Ninatafuta namna ya kutengeneza vidonge vya seramiki ya piezoelektriki, yaani ile ambayo ukiibana hutoa umeme na ukiipa umeme hutikisika, ili nivifunge kwenye mashine za kusaga mahindi kule Kisenyi visikilize mtetemo wa beringi. Wenye mashine wengi hujua kwamba beringi imekufa pale shafti inapoanza kulia au mkanda unaponuka, na kufikia hapo siku ya kazi imekwisha kupotea. Ninaamini kwamba kidonge kidogo kikishikizwa vizuri kwenye nyumba ya beringi kinaweza kutoa habari mapema zaidi.

Tatizo langu ni joto. Tanuru ni la umeme, waya zake zimezeeka, na juu ya nyuzi 1100 za Selsiasi siliamini tena. Nilianza na titaneti ya bariamu, nikaichoma kwa nyuzi 1100 kwa saa nne, na nilichotoa kilikuwa chaki: ukiweka tone la maji juu yake linanywewa papo hapo. Baadaye nikahamia kwenye niobeti ya potasiamu na sodiamu, ile inayofahamika kwa herufi KNN, kwa sababu nilisoma kwamba yenyewe huiva karibu na nyuzi 1100. Kidonge kilichotoka kwenye kalibu kikiwa na kipenyo cha milimita 13 kilisinyaa hadi milimita 11.9, unene wake milimita 1.5, uzito gramu 0.61. Nikipiga hesabu napata gramu 3.66 kwa kila sentimita ya ujazo, na kwa kuwa kidonge kisicho na tundu hata moja kingekuwa na 4.51, maana yake nimefika asilimia 81 tu. Nilipokipolarisha ndani ya mafuta ya silikoni, yaani kukipa volti kubwa ili sehemu zake za umeme zielekee upande mmoja, umeme ulipenya kwa cheche kabla sijafika kilovolti tatu, na kidonge kikatoboka katikati, tundu jeusi la ukubwa wa ncha ya sindano. Wenzake wawili walikwenda vivyo hivyo.

Nimesikia kwamba zipo kemikali zinazotiwa kidogo tu kwenye unga na kushusha joto la kuchomea kwa nyuzi mia au zaidi. Naomba mnieleze ni zipi, kwa kiasi gani, zitiwe katika hatua ipi, na zaidi ya yote ninapoteza nini ninapozitia. Rafiki yangu mmoja pia anataka kunipa unga wa PZT, ile seramiki yenye risasi, akisema kwamba kwa viungo hivyo huiva hata kwa nyuzi 950, na tanuru langu linafika huko bila taabu. Je, niupokee?

Mwalimu wa Kemia, Mbarara alijibu:

Ndugu Mfinyanzi, asante kwa kuja na vipimo, maana vimeniwezesha kuona ugonjwa kabla ya kutaja dawa. Kwa asilimia 81 matundu ya kidonge chako bado yameungana kama mifereji, na cheche hupita humo. Unahitaji kufika asilimia 93 au zaidi, ambapo matundu hufungwa na kubaki kila moja peke yake.

Tunapochoma seramiki tunataka maada ihame kutoka penye chembe kwenda penye tundu, wakati kidonge chenyewe kinabaki kigumu. Katika unga mtupu maada husafiri ndani ya kitu kigumu, ayoni (atomu yenye chaji) moja moja ikirukia nafasi iliyo wazi jirani yake, na safari hiyo ni ya polepole mno mpaka joto lipande sana. Ndiyo sababu titaneti ya bariamu hudai nyuzi 1300 hadi 1400, na PZT ya kawaida 1200 hadi 1300. Tukipachika ndani ya fuwele ayoni ngeni yenye chaji pungufu kuliko ile iliyoiondoa, fuwele hulazimika kuacha nafasi tupu za oksijeni ili chaji zilingane, na nafasi zikiwa nyingi msafara huenda haraka. Hiyo ni njia mojawapo, nayo husaidia kiasi. Njia yenye nguvu zaidi ni kutia kitu kitakachoyeyuka mapema kikawa utando mwembamba wa kimiminika kati ya chembe na chembe.

Wewe uko Uganda, kwa hiyo nikupe mfano wa chumvi ya Katwe. Ukiisaga laini na kuiacha penye unyevu, kesho utakuta bonge gumu. Si chumvi yote iliyoyeyuka. Unyevu kidogo uliingia kati ya punje, ukayeyusha kona zake kali, ukazihamishia kwenye mabonde na kuzigandisha huko. Kimiminika ndani ya tanuru hufanya vivyo hivyo: kwanza huzivuta chembe zikaribiane, kisha huyeyusha zile ndogo na kuzijengea zile kubwa. Kaboneti ya lithiamu huyeyuka karibu na nyuzi 723, oksidi ya vanadiamu chini ya 700, oksidi ya bismathi karibu na 817. Oksidi ya shaba peke yake haiyeyuki mpaka ipite 1300, lakini ikikutana na oksidi nyingine, ile ya risasi kwa mfano, huzaa mchanganyiko unaoyeyuka chini sana kuliko kila mmoja wao alipokuwa peke yake. Kwa hiyo usichague kiungo kwa kutazama joto lake tu. Tazama kinakutana na nani.

Sasa nije kwenye swali lako la hasara, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kiungo kikishamaliza kazi yake, kinakwenda wapi? Kikibaki mpakani mwa chembe kama kioo, jinsi oksidi ya boroni inavyopenda kufanya, umemzungushia kila chembe ukuta usiojibu umeme. Siku ya kupolarisha, sehemu kubwa ya volti itaishia ukutani na chembe zitapata makombo, nawe utapima d33 (chaji inayotoka kwa kila nyutoni ya kubana) ndogo ukadhani unga wako ulikuwa mbaya. Kikiingia ndani ya fuwele, hakuna ukuta, lakini tabia ya fuwele yenyewe inabadilika, na huenda mabadiliko hayo unayataka au huyataki. Kikipaa na moshi, umeponea, ila mara nyingi huondoka na wenzake. Kiungo bora ni kile kinachoyeyuka, kikafanya kazi, halafu kikaingia kwenye fuwele na kukaa mahali panapokufaa.

Kwa KNN ningeanza na oksidi ya shaba, asilimia 1 kwa hesabu ya moli, yaani kwa idadi ya chembe za kemikali na si kwa uzito. Kwa gramu 20 za unga, hiyo ni gramu 0.0925 tu. Mizani ya dukani haiwezi kuipima, na hata ukiwa na mizani nzuri, punje chache za oksidi nyeusi ndani ya unga mweupe hazitasambaa sawasawa; utapata vidonge vyenye madoa, hapa pameiva, pale pabichi. Mimi huchukua nitreti ya shaba, ile ya buluu yenye molekuli tatu za maji, gramu 0.281 kwa gramu zilezile 20, nikaiyeyusha katika spiriti safi na kumimina juu ya unga, kisha nikakoroga kwenye chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, mbali na mwali, mpaka rangi ya samawati ienee na unga ukauke. Ukiupasha baadaye, nitreti huvunjika na kuacha oksidi laini kabisa juu ya kila chembe. Gesi ya kahawia inayotoka ni sumu, basi fungua madirisha na usisimame juu ya chombo. Yote haya yafanyike baada ya uchomaji wa kwanza, ule wa karibu nyuzi 850 unaounda KNN kutoka kwenye kaboneti. Ukitia shaba kabla ya hapo, itatumika katika kuunda fuwele na haitabaki ya kutosha kukuyeyushia kitu siku unayoihitaji.

Niongeze jambo moja dogo, kwa kuwa huulizwa mara kwa mara na vijana wenye moyo. Ni kweli kwamba Kilembe kuna shaba na kwamba miamba ya Sukulu karibu na Tororo ina niobiamu, na ninatamani kuona siku ambayo tunavitumia vyetu. Lakini kwa kazi hii unga lazima uwe safi zaidi ya asilimia 99, kwa sababu hata chuma kidogo kinachoambatana na madini hujipachika ndani ya fuwele na kuigeuza tabia. Kwa sababu hiyohiyo usisage kwa mipira ya chuma. Tafuta ya zirkonia, ile seramiki ngumu.

Nakku wa Maabara, Jinja alijibu:

Kaka Mfinyanzi, Mwalimu ameeleza vizuri, nami naomba nijibu lile swali la mwisho ambalo hakuligusa. Tafadhali usiupokee unga ule wa PZT.

Rafiki yako hakudanganya kuhusu joto. Viwandani kazi hii imefanywa kwa miaka mingi, hasa kwa ajili ya vifaa vya tabaka nyingi, vile vinavyofungua na kufunga sindano za mafuta katika baadhi ya injini za dizeli. Humo kati ya tabaka na tabaka kuna utando wa metali unaochomwa pamoja na seramiki. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, kwa hiyo seramiki ikihitaji 1200 ni lazima fedha ichanganywe na paladiamu, ambayo ni ghali mno. Seramiki ikishuka hadi 900, fedha peke yake inatosha. Ndiyo maana lithiamu, bismathi na shaba zimejaribiwa katika PZT kwa kila uwiano unaoweza kufikirika. Faida ya pili ni kwamba oksidi ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 888, hupaa sana joto likizidi hapo, na kadiri unavyochoma chini ndivyo inavyopungua kupaa.

Lakini kupungua si kwisha. Wewe umesema kwamba tanuru hilo huchoma vyombo vya udongo. Risasi itakayopaa itatua kwenye matofali ya tanuru, na Jumatatu joto litakapopanda itapaa tena na kukaa kwenye rangi ya vikombe ambavyo mtu atanywea chai au kumlishia mtoto uji. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo tanuru moja lilitumika kwa kila kitu. Tulipopangusa ukuta wa ndani kwa kitambaa chenye maji na kukipima, tulikuta risasi, ingawa ilikuwa imepita miezi mingi tangu mtu achome kitu chenye risasi humo. Tulilazimika kutoa matofali yote. Siwezi kukwambia uchungu niliousikia nikiwakumbuka wale waliokuwa wakinunua sahani zetu.

Kaa na KNN. Hata huko Ulaya, ambako sheria ya kuzuia risasi katika vifaa vya umeme ilianza kutumika mwaka 2006, seramiki za piezoelektriki zilipewa msamaha kwa sababu mbadala wake ulikuwa haujakamilika. Wewe unaanza upya, huna mtambo wa zamani wa kulinda, na huna haja ya kuanzia kwenye sumu.

Fundi Mitetemo, Kampala alijibu:

Naafikiana na Dada Nakku kwa kila neno. Kwa Mwalimu nina swali, kwa heshima, kuhusu shaba.

Ayoni ya shaba yenye chaji mbili ikikaa mahali pa niobiamu yenye chaji tano, huandamana na nafasi tupu za oksijeni, na wawili hao hushikamana kama kigingi kinachozuia kuta za maeneo ya polarishaji (mipaka kati ya sehemu za fuwele zinazoelekea pande tofauti) zisisogee. Matokeo yake ni seramiki ngumu: upotevu wa nishati unapungua sana, na kipimo cha ubora wa mtikisiko kinaweza kupita 1000, jambo ambalo mtu anayetengeneza kifaa cha kutoa sauti za mawimbi ya juu atalishangilia. Lakini d33 haipandi, na pengine inashuka. Ndugu yetu anataka kusikiliza, hataki kupiga kelele. Je, lithiamu isingemfaa zaidi? Lithiamu huingia mahali pa potasiamu na sodiamu, haina haja ya nafasi tupu kwa sababu chaji yake ni moja kama yao, na mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kwa kuchanganya niobeti ya lithiamu kwa asilimia 5 hadi 7 walipata d33 ya pikokulombi 200 hadi 235 kwa nyutoni, wakati KNN tupu iliyochomwa kwa njia ya kawaida hutoa karibu 80.

Hata hivyo, kabla hujatamani namba kubwa, Ndugu Mfinyanzi, fikiria kifaa chako. Kwa kihisi cha mtetemo, volti unayoipata haitokani na d33 peke yake bali na d33 ukiigawa kwa uwezo wa seramiki kuhifadhi chaji. KNN tupu ina d33 ya 80 na uwezo wa kuhifadhi wa karibu mara 290 ya ule wa ombwe (ambao ni pikofaradi 8.85 kwa mita); PZT laini ya daraja la 5A ina 374 na 1700. Fanya mgawanyo huo na utaona kwamba KNN inatoa volti zaidi kwa kila nyutoni, takriban 0.031 dhidi ya 0.025 katika vipimo vya volti mita kwa nyutoni. Kwa maneno mengine, kidonge chako cha kawaida, kikishikamana vizuri, tayari kinatosha kusikia beringi.

Mwalimu wa Kemia, Mbarara alijibu:

Fundi umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulisema, nami nakubali hoja yako nusu. Lithiamu ni mfano mzuri wa kiungo kinachoyeyuka kisha kikapata makao ndani ya fuwele. Lakini inapandisha d33 kwa kuvuta badiliko la umbo la fuwele, ambalo katika KNN hutokea karibu na nyuzi 200, mpaka likafika kwenye joto la chumba. Beringi ya mashine ya kusaga asubuhi iko kwenye nyuzi 25, na mchana inaweza kuwa 70 au 80. Kihisi kilichowekwa juu ya badiliko lenyewe kitasoma tofauti asubuhi na mchana ingawa beringi ni ileile, na mwenye mashine ataacha kukiamini. Tena ukizidisha lithiamu kupita asilimia 8 hivi, fuwele nyingine isiyotakiwa huanza kuchipuka.

Kwa hiyo, kwa kazi hii mahususi, bado ningechagua shaba, na ningeishusha hadi nusu asilimia. Ugumu wake hautamdhuru, na upungufu wa d33 unafidiwa na kidonge kisichotoboka. Mtu anayetaka kifaa cha kukaa kwenye joto lisilobadilika, huyo namwelekeza kwenye lithiamu.

Mfinyanzi wa Kireka alirudi:

Walimu wangu na Dada Nakku, nawashukuru kutoka moyoni. Unga wa PZT nimeukataa, na rafiki yangu nimemweleza sababu.

Nimefanya majaribio Jumapili mbili kwa nusu asilimia ya shaba, kwa njia ya nitreti. Kwanza nilikausha kaboneti kwa nyuzi 200 usiku kucha, kwa sababu niligundua kwamba kaboneti ya potasiamu ilikuwa ikinywa unyevu juu ya mizani huku naitazama, namba ya mwisho ikipanda bila mimi kuongeza kitu. Nadhani vidonge vyangu vya awali vilikuwa na upungufu wa potasiamu tangu mwanzo. Nilichoma kwa nyuzi 1040 kwa saa mbili. Kipenyo kilishuka hadi milimita 11.2, na mara hii uzito kwa ujazo umetoka 4.24, yaani asilimia 94. Tone la maji linakaa juu ya kidonge kama linavyokaa juu ya jani la yugwa.

Lakini vidonge viwili kati ya vinne vilinata kwenye sahani ya alumina, na nilipovibandua vikavunjika. Tena umeme ulikatika Jumapili ya pili joto likiwa limefika 900, ukarudi baada ya dakika arobaini. Je, niendelee na vidonge vile au nivitupe?

Mwalimu wa Kemia, Mbarara alijibu:

Hongera sana. Kunata ni kile kimiminika chetu kikitafuta njia ya kutokea chini. Tandaza unga wa KNN uleule, usiotiwa shaba, unene wa milimita moja au mbili, uweke vidonge juu yake, na uvifunike kwa chungu kilichogeuzwa. Unga huo utazuia kunata na pia utajaza hewa ya ndani kwa mvuke wa potasiamu na sodiamu, ili vidonge vyako visipoteze vya kwao.

Vile vilivyokatikiwa umeme usivitupe, wala usivichanganye na wenzake. Vipime uzito kabla ya kuvirudisha tanurini, uvipandishe moja kwa moja hadi 1040, kisha uvipime tena. Vikipungua uzito kuliko wenzao waliokwenda safari moja, alkali, yaani potasiamu na sodiamu, imepaa. Visipopungua, vipolarishe: mafuta yawe kwenye nyuzi 120, volti ipande polepole mpaka kilovolti tatu kwa kila milimita ya unene, ikae hapo nusu saa, na mafuta yapoe volti ikiwa bado imeshikiliwa. Kidonge cha kwanza kitakachovumilia, kifunge kwenye mashine moja ya jirani unayemwamini, na uandike volti yake kila asubuhi na kila mchana kwa mwezi mmoja.